Mayai ya Mwezi wa Saba

Tulipomzika Mama Kabula pale Buhongwa, mwezi wa saba mwaka jana, msemaji wa familia aliniita mbele niseme neno kwa niaba ya wale ambao marehemu aliwalea bila kuwazaa. Upepo ulikuwa mkavu na wa baridi, turubai likipigapiga nguzo zake, na wazee walikuwa wamejifunika makoti na vitenge hadi shingoni. Nilishika kipaza sauti nikasema kwamba marehemu alikuwa mkunga, kwamba alinipokea nikiwa na miaka ishirini, na kwamba alinifundisha kazi. Nikarudi kukaa. Dada Kabula, binti yake wa pekee, ambaye sasa naye ana mvi kichwa kizima, alinisogelea kwenye benchi akaninong'oneza, "Hukuwaambia habari ya mayai." Nikamwambia sikuweza. Akasema, "Mama angetaka uwaambie. Kule Dodoma alimsimulia kila jirani." Hilo sikulijua. Miaka yote hii nilidhani jambo lile tulilijua watatu tu, na kwamba wawili kati yetu walikuwa wameniwekea siri kwa huruma. Kwa kuwa mdomo ulinishinda mbele za watu, acha nijaribu kuliandika.

Niliingia katika nyumba ile mwezi wa pili, nikitokea Misungwi, na begi moja la nguo. Kazi niliyoitiwa ilielezwa kwa maneno machache: Mama Kabula alikuwa mkunga mstaafu, presha ya macho ilikuwa inamla mwanga kidogo kidogo, na alihitaji mtu wa kumwonea. Hakuhitaji mtu wa kumpikia. Alipika mwenyewe, kwa kunusa na kwa kuyasikiliza mafuta. Aliona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni, basi. Sebule yake ilikuwa na vitambaa vya kufuma kila mahali panapofunikika, hata juu ya redio, na alijua kwa kugusa kama kitambaa kimoja kimekaa upande. Chumba changu kilikuwa cha nyuma, na dirisha lake lilitazama banda la kuku: mabanzi upande wa chini, wavu upande wa juu, bati juu yake, na upande wa kusini magunia yaliyokunjwa kwa kamba ili yashushwe jioni upepo ukianza. Humo walikuwa kuku thelathini na jogoo mmoja, kuku chotara wakubwa, weusi na wa madoadoa. Siku ya kwanza nilipomwamkia, shikamoo, aliitikia marahaba huku akinishika viganja vyote viwili, akavigeuza, akavipapasa kama mtu anayechagua viazi sokoni. "Mikono ya shule," akasema. "Tutaona."

Kila siku saa kumi alasiri niliingia bandani na beseni lenye nyasi kavu, nikapita kwenye viota, nikamletea mayai pale uani alipokaa kwenye kigoda. Sehemu hiyo ya kazi hakumwachia mtu. Alichukua yai moja moja, akalishika kiganjani, akalipima uzito, akalifuta kwa kitambaa kikavu, akalipanga kwenye trei, ncha nyembamba chini. Na alikuwa anayatambua, au mimi niliamini hivyo. "Hili la Kishungi," angesema, "ganda lake lina chunusi." Au, "Huyu Bibi Harusi leo kachelewa, yai bado lina joto." Miezi ile ya mvua tulipata ishirini kwa siku, wakati mwingine ishirini na mbili. Mengine yalikwenda kwa mama wa chipsi pale stendi, mengine kwa wajawazito wa mtaani, ambao aliwapa bure na kuwasimamia mpaka wayale mbele yake. Nilimwona mara moja akimlisha msichana mmoja mwembamba mayai mawili ya kuchemsha, akisikiliza anavyotafuna. Nikaelewa kwamba kwa mayai yale alikuwa bado mkunga. Sasa, nikiwa na umri ambao macho yangu nami yanatafuta miwani kila asubuhi, naelewa zaidi. Mtu aliyenyang'anywa kitabu, njia na nyuso za watu huwa na mahali pamoja alipobakia mzima, na kwake mahali hapo palikuwa kiganjani.

Pasaka ile dada Kabula alikuja kutoka Dodoma, alikokuwa mwalimu. Tulikula sato wa kukaanga na ugali, na baada ya chakula mimi nilitoka uani kuosha vyombo. Ukuta wa jiko ulikuwa mwembamba, na walipoanza kusemeshana niliacha kusugua sufuria ili wasikumbuke kuwa nipo.

"Mama, macho hayarudi. Daktari kasema. Unakaa hapa na mtoto wa watu, siku ukianguka kisimani nitaambiwa na nani?"

"Kisima kina mfuniko."

"Unanijibu hivyo kila mwaka. Mimi nataka uje Dodoma, ukae na wajukuu."

"Nikae nikifanya nini? Nikisikiliza televisheni?" Nikasikia sauti ya Mama Kabula imepanda. "Mimi najitegemea, Kabula. Kuku wangu wanataga. Siku wakiacha kutaga nitakuja mwenyewe, wala hutanibeba."

"Sawa," dada Kabula akasema, taratibu kabisa. "Nitakuja mwezi wa nane, shule zikisimama. Nitaangalia hao kuku."

Nilimaliza vyombo. Nilikuwa nimepata chumba chenye dirisha, mwanamke aliyeniita kwa jina langu, Milembe, bila kuongeza neno la kunidhalilisha, na ahadi kwamba nikikaa mwaka atanipeleka kusomea ushonaji. Vyote hivyo nilivisikia vikiwekwa rehani kwa kuku thelathini. Kuanzia siku hiyo sikuingia bandani bila hofu. Nilianza kuwatazama kuku kama anavyotazamwa mgonjwa: huyu kalala mno, huyu hakunywa maji. Niliwapa dagaa zaidi ya kipimo. Niliwasagia maganda ya konokono wa ziwani mpaka vidole vikachubuka.

Kisha ukaja mwezi wa sita na baridi yake. Watu wa mbali hudhani Mwanza hakuna baridi, lakini wiki zile upepo hutoka upande wa Usagara asubuhi na jioni, mkavu, unaopasua midomo. Jioni moja nilikuwa naongea na wasichana wenzangu barabarani, nikarudi nimechelewa, nikaingia ndani moja kwa moja. Magunia sikuyashusha. Asubuhi nilikuta manyoya yametapakaa sakafuni, na kuku mmoja mweusi amejivimbisha pembeni kama mpira, macho nusu. Nilishusha magunia mchana kweupe, kana kwamba ingesaidia. Alasiri ile nilipata mayai kumi na saba. Kesho yake kumi na tatu. Baada ya siku nne tisa, na kila asubuhi manyoya mengi zaidi, mengine marefu ya mbawani. Shingo za kuku wengine zilianza kuonekana ngozi. Sikuwa na shaka yoyote. Nilikuwa nimewaua kwa baridi, kwa sababu ya umbea wa nusu saa.

Siku ya mayai tisa, Mama Kabula aliyapanga kwenye trei, akanyoosha mkono kwenye beseni kutafuta la kumi. Vidole vyake vikapapasa nyasi, huku na huku, vikafika pembeni mwa beseni, vikarudi. "Ndiyo hayo?" akauliza. Nikasema, "Mengine bado sijaokota, Mama, kuna anayelalia." Nikatoka mbio. Pale barabara ya Shinyanga alikuwapo Mama Shija, mwuza mboga, aliyekuwa na kuku chotara kama wetu, ila wadogo kwa umri, na aliyeuza mayai kwenye kikapu. Nilinunua manane kwa fedha yangu, nikayaficha kwenye kanga, nikaingilia mlango wa uani. Yalikuwa ya baridi. Nilijua atajua. Nikayaweka juu ya mfuniko wa sufuria ya uji iliyokuwa jikoni, nikayageuza geuza mpaka yakapata joto la kuku, ndipo nikampelekea. Alilishika la kwanza muda mrefu. Nilitazama midomo yake. "Hili," akasema, akaligeuza tena kiganjani. Kisha, "Hili la Bibi Harusi, sivyo?" Nikasema ndilo.

Nilidhani nitafanya hivyo siku mbili tatu, mpaka kuku wapone. Hawakupona. Mwezi wa saba ulipoingia tulikuwa tunapata mayai manne, siku nyingine mawili, na mimi nilikuwa naleta trei iliyojaa karibu kama zamani. Akiba yangu ilikwisha, nikaanza kumfulia Mama Shija nguo ili anipe mayai. Niliishi kwa saa: saa nane nianze kubuni sababu ya kutoka, saa tisa niwe nimerudi, saa tisa na nusu yawe yamepata joto. Nilishindwa kula. Akinigusa bega nashtuka. Jambo lililonitisha kuliko yote ni furaha yake. Jumapili dada Kabula alipopiga simu, nilimsikia akimwambia, "Wanataga, mwanangu, katika baridi hii, tena kumi na nane. Haijawahi kutokea." Alilisema mara mbili, haijawahi kutokea, na mimi sikulisikia lilivyosemwa. Niliomboleza tu moyoni kwamba nimemfanya aseme uongo kwa binti yake.

Jirani yetu wa upande wa chini alikuwa Mzee Hamisi, fundi cherehani, mtu mpole aliyetuletea pilau kila Idi. Katikati ya mwezi alikuja asubuhi, akakaa barazani bila hata kuvua kofia. "Kuku wangu wanakufa," akasema. "Jana wanne, leo sita. Wanapinda shingo, wanaharisha kijani." Mama Kabula akasema neno moja, "Mdondo." Mzee Hamisi akasema bwana mifugo yuko mtaani na chanjo, anapita nyumba kwa nyumba, tone moja kwenye jicho la kila kuku, na kwamba atafika kwetu kabla ya saa sita. Niliona mwanga. Chanjo yetu ilikuwa imepitiliza, nilijua, nilikuwa nimeona tarehe kwenye kadi ukutani.

Bwana mifugo alifika na chombo chake cha barafu, kijana mrefu mwenye haraka. Mama Kabula alimkaribisha kiti, akamsikiliza, kisha akasema, "Wangu waache kwanza. Wako kwenye kutaga. Ukiwakamata kamata watashtuka, watakata mayai, na mimi mwezi wa nane nina mgeni."

"Mama, ugonjwa uko kwa jirani."

"Kuku mgonjwa hatagi," akasema. "Wangu jana wametaga kumi na tisa. Muulize Milembe."

Bwana mifugo akanigeukia. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko na mwiko mkononi. Ningesema neno moja tu. Nikasema, "Kumi na tisa." Akaandika kitu kwenye daftari lake, akatuaga, akasema yupo mtaani wiki nzima, tukibadili mawazo tumwite.

Nimefuga kuku wangu mwenyewe tangu nilipoolewa, hapa Usagara, na watu huja kuniuliza habari za chanjo na vyakula. Huwa nawajibu kwa utaratibu, mpaka wananiita mwalimu. Hawajui kwamba kila nikisikia mtu anasema kuku wake ni wazima kwa sababu wanataga, huwa namwona yule binti na mwiko wake. Siku tatu alijua, akanyamaza siku tatu. Nilikuwa naamka na kwenda kutazama shingo. Nilichunguza mavi, nikatafuta rangi ya kijani hadi nikaanza kuiona mahali isipokuwepo. Niliona hatari waziwazi, na bado saa nane ikifika nilichukua kanga yangu nikaenda kwa Mama Shija. Mwenye hofu si kwamba haelewi. Mimi nilielewa kila kitu, na miguu ilinipeleka kulekule.

Siku ya nne tulikuwa tunakula mchana, ugali na dagaa wa kukaanga na nyanya. Mama Kabula alikuwa anasimulia jinsi alivyomzalisha mwanamke mmoja kwenye kivuko cha Busisi, kivuko kikiwa katikati ya maji, na alikuwa anacheka. Nikajikuta nasema, "Mama, kuku hawatagi."

Akaendelea kutafuna. "Leo?"

"Tangu mwezi wa sita."

Aliweka tonge chini. Alinawa mikono kwenye bakuli, kidole kwa kidole, akakausha kwa kanga yake. "Yale ninayoshika ni ya nani?"

"Ya Mama Shija wa barabarani."

"Yote?"

"Mawili matatu ni yetu."

Nilianza kumweleza magunia, nikalia, nikachanganya maneno. Alinyoosha mkono hewani, kuninyamazisha. "Nipeleke bandani," akasema.

Hakutaka nimshike mkono. Aliingia akiwa ameinama, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaniambia nimkamatie kuku mmoja baada ya mwingine. Alimlaza wa kwanza mapajani, akampapasa shingo, akamfungua bawa, akapitisha vidole katikati ya manyoya. Akanishika mkono wangu akauweka pale. Nilisikia vitu vigumu vinavyochoma, kama ncha za kalamu, vikitoka kwenye ngozi. Akanionyesha mifupa miwili ya nyuma, jinsi ilivyokaribiana kiasi kwamba kidole kimoja tu kiliingia kati. "Anayetaga vinaingia vitatu," akasema. Akamwachia, akataka mwingine. Alipofika wa kumi akapumzika.

"Hawaumwi. Bado," akasema. "Wanabadili manyoya. Kila mwaka baridi ikija, kuku waliokomaa wanavua ya zamani, na wakati huo hawatagi, chakula chote kinakwenda kwenye manyoya. Magunia hayahusiki. Hata ungewafunika blanketi."

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Ungeniuliza ningekwambia."

Nilikaa chini kwenye pumba. Wiki sita za hofu, na jibu lilikuwa limekaa kwenye kigoda uani, linanisubiri niulize. Lakini hakuwa amemaliza. Aliongea polepole, uso wake umeelekea kwenye mwanga wa wavu.

"Yai la kwanza nilijua si letu. Nililishika nikajua. Halafu wewe ukasema ndilo, nikajiambia, basi, mikono nayo imezeeka. Macho yameondoka, sasa na mikono inaondoka. Siku zote hizi nalala nikiwaza hilo. Nikawa naogopa kukwambia, usije ukampigia Kabula." Akafuta kiganja kwenye sketi yake. "Na upande mwingine nilitaka iwe kweli. Mimi, mkunga, najua kuku hatagi mwezi wa saba, nikaamini kwamba mwaka huu Mungu kanifanyia mimi tu."

Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa, nikiwa nimeshakunja nguo zangu kichwani. Kwa hilo sikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimedhani namficha mambo ya kuku. Nilichokuwa nimemnyang'anya ni mikono yake.

"Kamwite yule kijana wa chanjo," akasema. "Kimbia."

Nilikimbia nikiuliza nyumba kwa nyumba, nikamkuta karibu na kanisa. Alikuja jioni ileile, jua halijazama, tukashika kuku wote, tone moja moja. Alipomaliza alituambia ukweli: chanjo huchukua siku nyingi kuanza kufanya kazi, na kama ugonjwa umeshaingia haitauzuia. Ulikuwa umeshaingia. Siku ya tatu Kishungi alipinda shingo akawa anazunguka palepale, kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Kesho yake watatu. Ilipotulia, wiki mbili baadaye, walikuwa wamekufa kumi na wawili. Tuliwachimbia shimo nyuma ya choo, mimi nachimba, yeye amesimama na ndoo ya majivu. Siku ya shimo la mwisho ndipo alipolisema jambo ambalo sijalisahau. Hakulisema kwa ukali. "Siku tatu, Milembe. Ungesema siku tatu kabla." Nikasema, "Ndiyo, Mama." Alikuwa sahihi, na hakulirudia tena maisha yake yote.

Dada Kabula alifika mwezi wa nane na sanduku dogo. Alikuta kuku kumi na wanane wenye shingo tupu na manyoya mafupi yaliyosimama, na trei tupu zimepangwa juu ya kabati. Nilikuwa nimepika wali na sato. Hakuna aliyekula vizuri. Mama Kabula hakusubiri kuulizwa.

"Hawatagi hata yai moja," akasema. "Na yale mayai kumi na nane niliyokuwa nakwambia kwenye simu ni uongo. Milembe alikuwa anayanunua. Aliogopa utanichukua naye arudi kwao. Mimi nikaamini kwa sababu nami niliogopa hilohilo."

Dada Kabula alinitazama muda mrefu. Nilikuwa nimesimama, sikuthubutu kukaa. "Mama, huyu amekudanganya miezi miwili, na wewe huoni. Unajua angeweza kukufanyia nini kingine?"

"Najua."

"Basi leo leo aondoke."

"Hakukamatwa, Kabula. Alikuja mwenyewe, wakati mimi nacheka, nimeshiba, sina habari. Ningekaa hivyo mpaka kuku wote wafe." Akapapasa meza mpaka akapata glasi yake ya maji. "Nilikwambia siku wakiacha kutaga nitakuja. Wameacha. Nitakuja. Lakini sikusema nitakaa kwa muda gani. Na mtu wa kubaki na kuku ni huyu, kwa sababu sasa anajua."

Walibishana siku mbili. Niliwasikia, safari hii bila kujificha; nilipotaka kutoka Mama Kabula aliniambia nikae. Mwisho dada Kabula alikubali kwa sharti kwamba nitapiga simu kila siku saa kumi na moja, na akaniachia simu yake ya zamani. Walipokuwa wanaondoka, Mama Kabula alishuka ngazi za baraza bila msaada, akasimama mbele yangu, akanitafuta viganja kama siku ile ya kwanza. Akaingia kwenye gari.

Nilibaki peke yangu katika nyumba ya vitambaa vya kufuma. Mwezi wa tisa ulikuwa mkavu, vumbi la barabara ya Shinyanga linaingia hadi kwenye chumvi. Kila alasiri nilipita kwenye viota kumi nikikuta nyasi zilezile, na kila saa kumi na moja nikapiga simu. "Hakuna, Mama." "Haya." Kesho yake, "Hakuna." "Haya. Wanakula?" "Wanakula." Nilijua anachokisubiri. Dada Kabula alikuwa amemwambia kuku wakianza kutaga watazungumza habari ya kurudi. Kwa hiyo kila siku nilikuwa na neno mdomoni, neno fupi tu, mawili, au matano, ambalo lingemrudisha nyumbani, na hakukuwa na mtu Buhongwa nzima ambaye angekuja kuhakiki. Mama Shija aliniuliza mara mbili kama sihitaji mayai. Nilipita upande wa pili wa barabara. Nilianza kuogopa jambo jingine: kwamba hata yakija kweli, hataniamini, na atakuwa na haki.

Manyoya yakafunga shingo zao, meusi, yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Vishungi vyao vikaanza kuwa vyekundu. Nilimkamata mmoja wa madoadoa nikampima mifupa kama nilivyofundishwa. Vidole viwili viliingia. Siku iliyofuata mvua za kwanza zilinyesha asubuhi, fupi, na alasiri nilipoinamia kiota cha pembeni nililikuta. Lilikuwa dogo, na doa la damu kwenye ganda. Nililishika mpaka likapoa, kisha nikapiga simu kabla ya saa.

"Mama, lipo moja."

Nyuma yake televisheni ilikuwa inasema, na mtoto analia chumba kingine.

"Moja tu?" akauliza.

"Moja tu. Dogo. Lina damu kidogo."

"Nani kataga hili?"

"Sijui, Mama. Nimeangalia, sikujua ni la nani."

Nikamsikia akivuta pumzi, na kiti kikilia kama mtu anakaa vizuri. "Haya," akasema. "Lile ni la kuanzia, huwa lina damu. Kesho nipigie tena, uniambie litakalokuwepo."